Besi Iliyochelewa

Saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu ni nyingi, kwa hiyo Metrine, muuguzi Mkenya katika hospitali moja ya Riyadh, huwawekea wagonjwa wake muziki wa sauti ya chini kwenye simu. Jumapili moja asubuhi aliweka kibao ambacho kaka yake Fidel, mpiga besi, lile kubwa la kusimamisha, katika mkahawa wa hoteli huko Jeddah, alikuwa akijifunza. Kinaitwa "Asumpta Anafagia", jazi ya zamani iliyorekodiwa Nairobi.

Kinaanza kwa brashi juu ya ngoma, shwaa, shwaa, kama fagio kwenye ua mkavu. Piano inaingia kwa noti chache zilizoachana, kama mtu anayetafuta viatu vyake alfajiri. Besi haipo. Vipimo vinane vya mdundo vinapita, na msikilizaji anajihisi anaelea. Kisha besi inashuka na noti moja ndefu, na chumba kizima kinapata sakafu.

Mzee Hashim, Mzanzibari aliyekaribia miaka themanini na kuishi Uarabuni tangu ujana, akafumbua macho.

"Huyo mimi," akasema.

"Nani, mzee?"

"Mwenye besi."

Metrine alidhani ni dawa. Akamweleza kwamba, kwa mujibu wa Fidel, wataalamu wanasema mtunzi aliiacha besi nje makusudi, kuonyesha upweke. Mzee alicheka mpaka mashine ikapiga kelele.

"Upweke gani! Zablon alikitunga kibao kile yuko kitandani, anamsikiliza mkewe Asumpta akifagia uani. Mtu na raha zake. Siku ya kurekodi nilisimama na besi langu, mikono tayari. Piano ikaanza. Basi mwanangu, nikawa nasikiliza. Nikasahau kama na mimi ni mpigaji. Zablon kunikodolea macho, ndipo nikashtuka."

"Hakukasirika?"

"Mno! Tukarudia mara sita, nami naingia mahali pangu. Zote sahihi, zote zimekufa. Mwisho akasema, halas, yatosha, tuchukue ile ya kwanza."

Mwaka uliofuata Hashim alimfuata mjomba wake Jeddah, akapata kazi bandarini. Besi hakuligusa tena.

Mwezi mmoja baada ya mazungumzo hayo binti ya mzee, aliyekuwa akimuuguza Riyadh, alimrudisha nyumbani kwake Al-Baghdadiyah, mtaa wa Jeddah. Metrine alipopata likizo alipanda ndege kwenda Jeddah, na baada ya alasiri yeye na Fidel wakampeleka mzee mkahawani, karibu na bahari. Fidel akapanda jukwaani na wenzake, wakapiga "Asumpta Anafagia". Watu wakashangilia. Mzee hakupiga makofi.

"Kijana, unahesabu," mzee alimwambia Fidel alipokuja mezani.

"Si lazima nihesabu, mzee? Ni vipimo vinane."

"Mguu wako nauona. Wewe unangoja zamu yako tu. Wenzio wanasema nini, husikii."

Fidel akanuna. Alikuwa na miaka kumi na miwili ya kupiga besi. Metrine akaangalia kikombe chake. Kisha kaka yake akainuka, akamnong'oneza mpiga piano, wakaanza upya.

Safari hii alifumba macho na mguu ukatulia. Vipimo vinane vikapita. Mpiga piano akageuka kumtazama, akaona heri aurudie tena mwanzo ule. Brashi zikaendelea kufagia. Mwanga wa bahari uliingia kupitia vioo na kutandaa sakafuni, mhudumu akasimama na sinia lake, na Metrine akaona ua wa mama yao kule Webuye, vumbi limenyunyiziwa maji, mama ameinama na hana haraka. Hakujua besi iliingia lini. Aliisikia tu ikiwa tayari imo.

Fidel alirudi mezani kama mtu aliyeamshwa.

"Umechelewa sana," mzee akasema. "Vipimo kumi na vitano."

"Kumbe wewe ndiye ulikuwa unahesabu!"

"Mimi nimestaafu," mzee akajibu, na wote watatu wakacheka.

Metrine alirudi Riyadh kazini. Fidel naye akawa anabeba besi lake hadi Al-Baghdadiyah siku ambazo mzee hana mashine. Mkono wa kushoto wa mzee, ule wenye mshipa wa sindano za mashine, hauruhusiwi kubana nyuzi. Kwa hiyo wanasimama wawili nyuma ya besi moja, Fidel akibana noti juu na Mzee Hashim akizipiga kwa mkono wa kulia, polepole, huku binti yake akisikiliza kutoka jikoni.