Mia ya Wangapi

Agizo lilikuja Jumatatu, tena kwa mdomo, kama yanavyokuja maagizo ambayo mwenyewe hapendi yaonekane kwenye karatasi. Mkuu wa shule alisimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono nyuma, akamweleza fundi wa mabango anachotaka: bati lile la getini lipakwe upya jeupe, kichwa kiandikwe ASILIMIA MIA MOJA WAINGIA VYUO VIKUU, na chini yake ipigwe mistari thelathini na miwili ya kuandikia majina.

"Mtihani si bado miezi mitatu, Mkuu?" fundi aliuliza.

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Jumamosi wazazi wapya wanakuja kuangalia shule. Nataka walikute limesimama. Majina tutajaza matokeo yakitoka."

Fundi huyo alikuwa mwanamke, na mtaa mzima ulimwita Mama Brashi. Kazi aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na ngazi yenye mguu mmoja mfupi na tabia ya kuhesabu kila kitu kabla ya kukipaka. Alikubali agizo, akabeba makopo yake, akaondoka. Alikuwa ameshafika getini ndipo ile tabia ilipomkamata shati.

Thelathini na miwili? Mwanzoni mwa mwaka yeye mwenyewe ndiye aliyepaka namba nyuma ya viti vya kidato cha mwisho. Viti vilikuwa arobaini na vitano. Alikumbuka vizuri, kwa sababu kiti namba ishirini na saba alikipaka kwa madoido zaidi ya vingine, na mwenye kiti hicho alikuwa binti yake wa pekee.

Na binti huyo, katika mtihani wa majaribio uliopita, alikuwa wa thelathini na tatu.

Aliweka makopo chini, akajidai anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Lazima niseme ukweli kuhusu Mama Brashi, maana si mtu wa kuonewa huruma peke yake. Shule ile hakuichagua mtu mwingine, aliichagua yeye, na aliichagua kwa bango. Watu huchagua shule kama wanavyochagua tikiti maji: wanaligonga, wanaweka sikio, wanajifanya wamesikia kitu. Yeye alikuwa na sababu ndogo zaidi ya kudanganyika kuliko wote, kwa kuwa bango alilipaka kwa mkono wake miaka sita mfululizo, kila mwaka asilimia mia, kila jina na chuo chake. Mwaka mmoja jina la kijana aliyekubaliwa na vyuo vitatu lililala kwenye mistari mitatu kama ng'ombe katikati ya barabara. Mama Brashi aliliona hilo, akaona ni sifa. Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani humkumbuka mhenga mbele ya herufi za kijani zilizonyooka? Miaka sita alipaka ile mia, na hakuwahi kujiuliza ni mia ya wangapi.

Alhamisi aliweka bati juu ya mabenchi mawili kwenye baraza, karibu na mlango wa mwalimu wa taaluma, akaanza kupaka kichwa. Siku hiyo hiyo wazazi walianza kuitwa, mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mshona viatu wa sokoni. Aliingia amevaa koti, akatoka amelibeba. Akakaa kwenye ngazi za baraza kama mtu aliyeambiwa asubiri kitu.

"Kuna nini, kaka?" Mama Brashi aliuliza bila kuinua brashi.

"Wanasema mwanangu atasajiliwa kule ng'ambo ya soko, kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Eti huko atatulia zaidi." Alicheka bila furaha. "Miaka yote yuko hapa. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo agundue hajatulia?"

"Masomo je?"

"Akipenda aje, asipopenda asije. Ila akiandika mtihani, si wa hapa tena. Akifaulu si wao, akifeli si wao."

Sasa Mama Brashi alielewa. Wanaotiliwa shaka wanatolewa kwenye orodha kabla ya mtihani, na wanaobaki wakifaulu wote, hiyo ndiyo asilimia mia. Alitaka kumwambia yule baba pole. Badala yake alijikuta anashukuru moyoni kwamba aliyeitwa ni mwenzake, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alirudi kwenye herufi M akaipaka mara mbili.

Ngojangoja huumiza matumbo. Kila mlango ulipolia aligeuka, na kila aliyetoka alimhesabu. Alhamisi walitoka saba. Muuza maua alitoka analia waziwazi. Dereva wa lori aliufunga mlango kwa kishindo, akarudi kuomba radhi, akaufunga tena kwa kishindo. Ijumaa kabla ya saa sita walitoka watano. Saba na watano, kumi na wawili. Arobaini na watano ukitoa kumi na watatu ndio wanabaki thelathini na wawili. Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuitwa, na Mama Brashi aliupiga uzi wa chaki juu ya bati, mstari baada ya mstari, huku anaomba kimoyomoyo kwamba huyo mmoja awe na jina lolote lile jingine.

"Mama Brashi," sauti ilisema, "hebu weka kazi chini kidogo."

Mwalimu wa taaluma alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioogopesha. Ofisini alifuta miwani yake muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Mama, wewe ni mtu wa hapa hapa, sitakuzungusha. Binti ana adabu, anajituma. Tatizo ni nafasi."

"Ni wa thelathini na tatu," Mama Brashi alisema.

"Kumbe unajua."

"Tangu Jumatatu." Kisha ule ujasiri aliokuwa ameupanga usiku kucha ulimwishia. "Mwalimu, niko chini ya miguu yako. Mtoto huyu akiambiwa leo kwamba hafai, kesho hashiki kitabu. Namjua. Atavunjika. Nitapaka madarasa yote, nitapaka mpaka vyoo, sitaki hata ahsante."

"Si mambo ya rangi, mama."

"Basi niambie ni mambo ya nini nilete hicho."

Mwalimu alivaa miwani, akatazama karatasi. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejisemea:

"Huyu wa thelathini na mbili amempita alama mbili tu. Analelewa na bibi yake. Vikao vya wazazi tumemwita bibi mara mbili, miguu haimfikishi. Kwa huyu hakuna wa kuja kubishana." Akachukua rula na kalamu, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake. "Haya. Wako amebaki. Lakini yaishie humu ndani. Orodha inapelekwa Jumatatu asubuhi."

Mama Brashi alimshukuru mpaka akachoka. Alitoka nje kwa furaha. Hakuuliza aliyetolewa ni nani. Kuuliza hakukugharimu kitu, na hakuuliza.

Jioni alimkuta binti yake jikoni anamenya viazi. Alimweleza yote, haraka haraka, akianzia mwisho ili mtoto asishtuke.

"Umebaki, mwanangu. Sikia kwanza: umebaki."

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisu hakikusimama.

"Ametoka nani?"

"Sijui."

"Wa thelathini na mbili ni Kicheko, mama."

Kicheko alikuwa mwenye kiti namba ishirini na nane. Likizo zote alikuwa akilala nyumbani kwa Mama Brashi, na majirani walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kemia yote aliyoijua binti, Kicheko ndiye aliyemfundisha, kwenye meza hiyo hiyo yenye maganda ya viazi.

"Sikukutuma," binti alisema.

"Wewe! Unajua nilivyojidhalilisha kwa ajili yako? Nilimwambia mwalimu niko chini ya miguu yake!"

"Najua. Bibi yake Kicheko hata hiyo nafasi hakuipata." Alitumbukiza kiazi kwenye maji. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. "Na viti je, mama? Utavifuta namba, au vitabaki vile vile arobaini na vitano?"

Mama Brashi alichukua kisu kingine, akaanza kumenya. Usingizi alioutafuta tangu Jumatatu haukuja hata siku hiyo, sasa kwa sababu nyingine.

Jumamosi alfajiri alisimamisha ngazi yake getini, akasukumia jiwe chini ya ule mguu mfupi. Bati lilikuwa limeshafungwa kwenye nguzo, kichwa kimekauka, na mistari thelathini na miwili bado ni chaki tupu, ikingoja rangi. Alichovya kitambaa kwenye maji akaifuta yote.

Alipiga uzi wa kwanza wa chaki, ukapinda, akaufuta. Baba yake angemcheka. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa juu ya ngazi, kwa maana alijua anachokifanya: mwalimu aliyekata mstari mmoja kwa rula angeweza kukata na mwingine, na huenda hapo alikuwa anamfuta binti yake kwa brashi yake mwenyewe. Mara mbili alishuka. Mara ya pili alikusanya hata makopo. Kisha akakumbuka jinsi alivyotoka ofisini anashukuru, na jinsi yule mshona viatu alivyolibeba koti lake. Akapanda.

Alipunguza nafasi kati ya mstari na mstari, akapiga arobaini na mitano. Pembeni ya kila mmoja aliandika namba, moja mpaka arobaini na tano, kwa mwandiko ule ule wa viti. Ishirini na saba hakuitia madoido. Ishirini na nane aliitia kidogo.

Saa mbili wazazi wageni walianza kuingia, wamevaa vizuri, watoto wamechanwa nywele. Mkuu alishuka kuwapokea, akatazama juu, tabasamu likamganda usoni.

"Nilisema mingapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Thelathini na miwili, Mkuu. Lakini viti ni arobaini na vitano. Nilivipaka mwenyewe."

"Futa."

"Ni rangi ya mafuta, mbichi. Ukiigusa leo itakuwa tope tupu. Na ukiifunika turubai, turubai litanata."

Hapo nyuma yao mwanamume mmoja, aliyemshika mkono mtoto wake wa kike, aliinua simu akapiga picha. Wengine walimfuata, mtu akiona mwenzake anapiga picha hudhani kuna jambo.

"Samahani, Mkuu," yule baba alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusifu. "Kwa hiyo kidato cha mwisho wako arobaini na watano, na wote mnawaandikisha hapa hapa? Shule tuliyotoka kuiona wanapunguza. Wanawapeleka pembeni wasiharibu hesabu. Mimi niliondoka."

Wazazi walisogea kusikia. Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama kwenye baraza, miwani mkononi. Mama Brashi aliishika ngazi kwa mikono miwili.

Mkuu alikohoa.

"Wote," alisema. "Hapa hapa."

Neno lilikuwa limetoka, lakini Mama Brashi alikuwa ameshaona maneno mengi yakitoka getini yasifike ofisini. Siku nzima alikaa chini ya bango akisafisha brashi zilizokwisha kuwa safi. Wazazi walipoondoka, Mkuu alikuja peke yake, tai imelegea. Alisimama akasoma namba zote, kama anayeziona kwa mara ya kwanza.

"Wamepiga picha," alisema.

"Nimeona."

"Jumatatu yatakwenda majina arobaini na matano." Aliupitisha mkono usoni. Ghafla alionekana mzee, na mwoga, kama mzazi yeyote. "Lakini ile mia siwezi kuiahidi kwa wote hao. Jumatatu njoo ufute kichwa."

"Niandike nini badala yake?"

Mkuu aliikaza tai yake.

"Mwaka," alisema. "Andika mwaka tu."

Jumatatu mchana alikifuta kichwa alichokuwa amekipaka miaka sita, herufi moja moja, mpaka ile M. Jioni wanafunzi walipotoka, Kicheko alipita anacheka na jambo lake, bila kujua lolote, akamwamkia mama wa rafiki yake kama siku zote. Mama Brashi aliitikia, akashindwa kumtazama usoni. Binti alibaki nyuma. Alisimama chini ya bango, begi mgongoni, akaitafuta namba yake.

"Mama, na nikifeli?"

Hofu ile ya wiki nzima ilikuwa imeondoka na kuacha hii nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, na haikuwa na ofisi ya kwenda kuibembelezea.

"Mstari utabaki mtupu," Mama Brashi alisema. "Watu watapita, watauona."

"Na wewe?"

"Mimi nitajua ni wa nani."