Joto la Nyuma ya Ukuta

Joho la kwaya lilitoka mashineni likiwa bado zito kwa maji. Kulthumu akaliweka shavuni, akasonya. Pipa la mashine lilikuwa likizunguka na kunguruma kama kawaida, ila joto lilikuwa limetoroka tena.

"Ni umeme," akasema. "Mvua ikinyesha tu, umeme wa Rumonge unaugua."

Radjabu, kaka yake waliyechangia naye kununua mashine hiyo ya kukaushia nguo, alikuwa amesimama mlangoni na kamba begani. "Mwezi mzima umeme, umeme! Leo majoho ya kanisa yasipokauka, kesho naipakia, inakwenda Bujumbura kuuzwa."

"Weka kamba chini, kaka. Itakuchosha bure."

Lo, maneno hayo! Lakini moyoni aliogopa. Bila mashine angerudi kufua na kusubiri jua, na jua la masika halina ahadi. Hata hivyo hakuwa mwanamke wa kukaa akishika tama. Akatoa kichujio: manyoya ya nguo kidogo tu. Akakagua waya: mzima. Akaweka kiganja mgongoni mwa mashine, akakirudisha upesi. Bati lilikuwa linaunguza!

Akacheka peke yake. Masikini umeme, alikuwa ameusingizia. Joto lilikuwepo tele, ila halikuwa na pa kutokea. Likizidi, kidude cha usalama kilizima moto mpaka mashine ipoe. Na mbona siku za jua haikusumbua kamwe? Mvua ilikuwa inaleta nini? Akajitupia mtandio kichwani, akatoka kulifuata bomba la hewa nyuma ya nyumba.

Chini ya upenu, kichanja cha wavu kilichojaa ndagala, vile visamaki vya ziwani vya kuanikwa, kilikuwa kimeegemezwa bombani, kikafunikwa turubai, pasiachwe hata upenyo. Kando yake alichuchumaa Kabibi, jirani yake aliyetoka Uvira. Ndiye aliyeongoza nyimbo katika kwaya ileile, na joho lake mwenyewe lilikuwa ndani likizunguka na maji yake.

"Mama Ange!" Kulthumu akamwita.

Kabibi akainuka, mikono ikinuka samaki. "Nisamehe, Mama Nour. Hii mvua ingeniozeshea zote. Nikaona huku joto iko inatoka bure. Naleta siku za mvua tu."

"Na mdomo wa kuniomba ulikuwa wapi?"

"Ulisema sokoni, mbele ya watu, harufu ya ndagala isipite karibu na nguo zako. Ningeombaje?"

Kulthumu alikuwa na maneno makali tayari ulimini. Akayameza. Ni kweli alikuwa amesema hivyo, tena kwa sauti, watu wakaangua kicheko, naye akafurahi. Sasa aliona haya.

Akashika upande mmoja wa kichanja. "Shika huko. Rudi nyuma. Tena. Hapo basi."

Hewa ya moto ikafumka bombani, ikapita juu ya ndagala. Kabibi akanyoosha kiganja. "Bado inazifikia," akasema. "Na harufu?"

"Hewa inatoka, Mama Ange, hairudi ndani. Niliropoka tu siku ile."

Alasiri majoho yalikunjwa yakiwa na joto la mwilini. Radjabu akalipapasa moja, akalipapasa jingine. "Ilikuwa na nini?"

"Ilibanwa pumzi. Niachie hiyo kamba, nina kichanja cha kufunga kisisogee."

Jumanne iliyofuata wingu zito lilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na wanawake wakakimbilia kuanua samaki. Kulthumu akajaza mashuka, akafunga mlango wa mashine. Kabla ya kubonyeza, akafungua dirisha la nyuma na kupaza sauti, mtaa mzima usikie:

"Mama Ange! Nawasha! Leta ndagala zako!"