Dari ya Chumba cha Nyuma

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kujitolea, maana hakuna aliyenilazimisha. Nasema mapema usije ukapoteza muda kumtafuta mwingine humu ndani.

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu. Mafundi wenzangu huniita Koti Tatu, kwa sababu wao wakishapaka mara mbili wanakunja ngazi, mimi lazima nirudie ya tatu. Nimeanguka kutoka juu ya jukwaa mara mbili, nimedhulumiwa na wakandarasi hata sina idadi, na kila mara niliinuka nikicheka. Siku ile hata kicheko kilinikimbia.

Ilianza na barua ya kampuni ya bima. Nyumba yetu tumeikatia bima tangu tulipohamia, na safari hii, kabla ya kutuongezea mwaka mwingine, walitaka kumtuma mkaguzi aiangalie kuanzia paa hadi nyaya za umeme. Mke wangu aliisoma amesimama.

"Mwite fundi wa paa," akasema.

"Wa nini? Kwani mimi si fundi?"

"Wewe fundi wa rangi. Chumba cha mama kinavuja na unajua."

Nilijua. Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, tukampa chumba cha nyuma. Mvua ya kwanza tu, dari ikatoa doa la rangi ya chai, na kila msimu likazidi kutanuka. Nilisema nitapanda nikaone. Nikasema hivyo misimu miwili. Kwenye mapaa ya watu nilikuwa kila wiki. Kwenye langu sikuwahi kuegemeza ngazi.

Sasa, mtu mwenye akili angepanda juu. Mimi nikachukua rola. Nilifunika kitanda cha mama kwa nailoni, nikapiga dawa ya kuziba madoa, halafu koti la kwanza, la pili, na la tatu kama kawaida yangu. Dari ikang'aa kama sahani mpya. Mama mkwe akaja kusimama mlangoni.

"Imependeza, baba," akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Na maji je?"

"Maji nimeyanyima ruhusa, mama."

Nikacheka mwenyewe. Yeye akatabasamu kwa adabu tu.

Mkaguzi alifika kesho yake asubuhi, dada mwembamba mwenye tochi na faili. Nilianza kumtania tangu getini.

"Dada, ukikuta kosa hata moja, nyumba chukua!"

"Nitaanzia jikoni," akajibu.

Aliangalia mabomba, akafungua sanduku la umeme, akamulika kila pembe. Hakuona tatizo. Sebuleni na chumbani kwetu dari zilikuwa zimefifia na kuchubuka, maana fundi rangi hapaki kwake, lakini zilikuwa kavu. Akaandika, akasonga mbele. Halafu tukaingia chumba cha nyuma.

Alitazama juu. Akatoka, akaitazama tena dari ya ukumbini, akarudi.

"Mzee, nyumba nzima haijapakwa rangi miaka. Kwa nini hiki peke yake?"

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Fundi mbovu angepaka doa peke yake, haraka haraka, likapotea katikati ya uchakavu. Mimi nilipaka dari nzima hadi kwenye kona, kwa ustadi wangu wote. Ni kama nilimchorea mshale.

"Tunamheshimu sana mama," nikasema.

Hakucheka. Alitoa kifaa kidogo cha kupimia unyevu, akapanda kwenye kiti, akakigusisha darini. Kikalia. Akakisogeza. Kikalia tena, safari hii kwa nguvu.

"Labda betri," nikasema.

Akashuka, akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa ameketi kitandani mikono mapajani.

"Mama, hapa huwa panavuja?"

Nafasi ya kusema ukweli nilikuwa nayo. Ningeweza kusema "panavuja, dada, kosa langu," mambo yakaisha. Badala yake nilimtazama mama mkwe, naye akanitazama. Huyu ni mama ambaye binti yake akinipandishia sauti, yeye ndiye anayeinamisha uso.

"Hapavuji, mwanangu," akasema.

Mkaguzi akainama kumulika chini ya kitanda. Mle chini mlikuwa na mabeseni mawili na ndoo moja. Akamulika na sakafu yenyewe. Miguu ya kitanda ilikuwa imeacha mikwaruzo mahali pengi, huku na huku. Kila maji yalipobadili njia, mama alikuwa akikikokota kitanda peke yake, na sisi tumelala. Jana yake nilishinda humo kutwa nzima, macho yangu darini, sikuona kitu.

"Na haya mabeseni, mama?"

"Ya... ya kufulia."

Mtu mzima, mwenye wajukuu, anadanganya kama mtoto aliyevunja kikombe, na kikombe chenyewe nimekivunja mimi. Mkaguzi hakumbana. Alizima tochi, akasema, "Asante, mama, pumzika," akatoka bila kunitazama. Heri angenitukana.

Barua ya pili haikuchelewa. Ada ya bima imepanda kwa nusu nzima. Sababu: paa bovu, na kasoro imefichwa kwa rangi mpya. Tulipewa siku sitini tutengeneze, la sivyo hasara yoyote ya maji hawatailipa. Mke wangu alikuwa ameshawapigia simu.

"Wanasema tutengeneze paa, tutunze risiti na picha za kazi, kisha tuombe ukaguzi mpya," alituambia mezani, mimi na mama. "Wakiridhika, ada wataiangalia upya. Fundi wa paa anakuja Jumatatu."

Hapo ningenyamaza, ningebaki mtu. Lakini aibu ilikuwa imenikaa kooni wiki nzima, ikatoka ikiwa ubishi. Nikaleta karatasi na kalamu.

"Hakuna cha fundi. Tunapinga! Vile vifaa vyao vinakosea. Na shahidi tunaye, aliulizwa mbele ya mkaguzi mwenyewe, akasema hapavuji. Mama atie sahihi tu."

"Bwana wewe, una wazimu?" mke wangu akaruka. "Wakileta mkaguzi wa pili tukaonekana waongo, bima wanaifuta yote! Nyumba ibaki uchi?"

"Uongo gani? Yale maneno ni ya mama, si yangu."

Niliyasikia yakinitoka mdomoni, na bado nikaisukuma kalamu mbele ya mama mkwe.

Aliitazama. Kisha akairudisha upande wangu, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Baba," akasema, "siku ile nilidanganya ili usiaibike mbele ya mgeni. Leo mgeni hayupo."