Tangi la Kiimani

Pikapu ya Abukar ilikuwa imeshashika barabara, mbuzi kumi na wawili nyuma na mzee Bartholomew mbele, sanduku lake limekaa mapajani kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, wakati mkewe Kamanthe alipochomoka kwenye ua wa miiba akikimbia, leso inamfuata nyuma.

"Baba Mwelu! Baba Mwelu! Umeacha treni!"

Abukar alikanyaga breki, mbuzi wakapigana vichwa. Kamanthe akafika anahema, akapitisha dirishani injini ya mbao ndogo kama kidole, na mabehewa manne ya viberiti yaliyofungwa kwa uzi.

"Mtu anabeba stesheni nzima, anasahau treni," akasema.

"Kazini treni ilikuwa inajileta," mzee akajibu.

Kamanthe hakucheka. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Bado unaweza kushuka. Mwache huyo mtu na uzee wake."

"Twende, Abukar."

Wakaacha Mwala nyuma yao, vumbi likamfunika mama wa watu amesimama vilevile.

Mwanzoni jambo hili halikumhusu huyo mtu, Musili, hata kidogo. Kikundi cha wazee kilikuwa kimepewa meza moja kwenye maonyesho ya kilimo Machakos mjini, na kila mzee akaambiwa alete kitu cha zamani. Wengine walisema watapeleka vibuyu, wengine mizinga ya nyuki. Bartholomew akasema atapeleka Kiimani. Kiimani ilikuwa stesheni ndogo nyuma ya vilima vya Lukenya, na yeye alikuwa stesheni masta hapo miaka kumi na mmoja. Sasa hakuna kitu. Treni ziliacha kusimama, halafu watu wakabeba mabati, wakabeba madirisha, mwisho wakabeba mawe. Imebaki sakafu, mbuzi hulala hapo jua likiwa kali.

Alichora ramani nyuma ya kalenda ya kanisa. Alikuwa amezitembea zile reli hadi miguu ilizijua yenyewe, kwa hivyo kipimo hakikumsumbua: kila hatua tano, upana wa kidole kimoja. Meza yao ingekuwa futi nne kwa mbili, basi na stesheni iwe hivyo. Lakini Mwala hadi mjini ni mbali, na gari la punda linarusha, kwa hivyo akakata ubao vipande viwili, akaweka bawaba katikati, ufunge kama sanduku. Hapo ndipo penye akili. Kitu kirefu cha upande huu lazima kikutane na mahali patupu pa upande ule, la sivyo ukifunga unavunja nyumba. Reli alizitengeneza kwa waya wa seng'enge, mataruma yanayozishika kwa njiti za kiberiti. Ofisi aliichonga kwa kipande cha jakaranda. Tangi la maji ndilo lililokuwa refu kuliko vyote: kopo la rangi ya viatu juu ya misumari minne. Akaliweka nyuma ya zizi la ng'ombe, kwa sababu upande wa pili palikuwa na majani matupu. Tena alikumbuka kabisa kwamba ndipo lilipokuwa.

Kamanthe alikuwa anachambua ndengu pembeni. Zamani za Kiimani aliuza uji pale jukwaani. Akainua macho.

"Tangi halikuwa huko."

"Lilikuwa."

"Nani alikuwa anachota maji, wewe ama mimi? Nilikuwa natoka na ndoo hapa, napita mbele ya mlango wako, wewe unajifanya unaandika." Akalinyanyua lile kopo, akalikita kati ya ofisi na pointi, pale reli zinapoachana. "Hapo. Na ulikuwa unalalamika linakuzibia upepo."

Mzee alitaka kubisha, akakumbuka upepo. Akalala chini kifudifudi, akafumba jicho moja, lile jingine akalileta kwenye mlango wa ofisi ya jakaranda.

"Unaona nini?" Kamanthe akauliza.

"Tangi."

"Si nilikuambia?" Alikuwa anafurahia ushindi. Halafu mzee akainuka, mama akaona uso wake, akaweka ungo chini.

Mwaka wa tisini na sita treni ya ng'ombe iliingia Kiimani jua halijazama. Pointi za Kiimani zilibadilishwa kwa mkono: mtu anavuta mpini, anatia pini ya chuma ili zisiteleze, halafu anainua bendera ya kijani, na stesheni masta akishatoka nje akaiona ndipo anaruhusu treni. Mtu huyo alikuwa Musili. Siku hiyo reli ziliteleza, treni ikapinduka. Ng'ombe arobaini na mmoja walikufa, mchungaji mmoja akakatwa mguu. Wakaja watu watatu wenye tai, wakaketi ofisini, wakauliza: "Ulimwona akitia pini?"

Bartholomew akasema, "Nilimwona kwa macho yangu. Alivuta mpini akaondoka, pini akaiacha inaning'inia."

Aliamini hivyo. Kama pini ingekuwa ndani, reli zingetelezaje? Na kama hakumwona Musili, basi hata bendera hakuiona, na treni aliiruhusu kwa mazoea tu, na kosa lilikuwa lake. Lakini mambo kama hayo mtu hayapangi moja, mbili, tatu. Yanajipanga yenyewe gizani, asubuhi unakuta umeshayajua. Musili alifukuzwa kazi. Kijijini kwao hata watoto walimwita Musili Pini. Akahama na mke na binti, akaenda kuishi Kithyoko, ambako hakuna reli wala mtu wa kuulizia reli.

Habari ya maonyesho ikaishia hapo. Bartholomew akalipigilia tangi mahali pake pa kweli, na ili ubao ufunge akahamishia bohari ya mizigo, iliyokuwa upande wa pili, nyuma ya zizi. Kamanthe akamwuliza kwa nini asiende tu kwa Musili aseme kwa mdomo.

"Mdomo niliutumia mara moja," akasema, "na unajua ulichofanya. Safari hii napeleka kitu mtu aone mwenyewe."

Walipopita Masinga Abukar akapunguza mwendo. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kama marehemu baba yake, na wale ng'ombe arobaini na mmoja walikuwa wa baba yake. Bartholomew alilijua hilo, ndiyo maana hakuwa amemtajia jina la mwenyeji wake.

"Huko Kithyoko unaenda kwa nani, mzee wangu?"

"Kwa Musili."

"Yule mzee wa kanisa? Wallahi namjua. Mimi nilikuwa mdogo, akaja kwetu kwa miguu na mitamba wawili. Anamwambia baba, hawa ni wa kulipa wale ng'ombe wako. Baba akamwambia, ndugu yangu, wewe hukuniua ng'ombe, ni chuma kiliua. Akakataa kuondoka! Siku mbili amekaa langoni, hadi baba akachukua mmoja kwa aibu."

"Alisema nini?"

"Alisema ni yeye. Ati hakutia pini."

Bartholomew akageuka. "Alisema hivyo yeye mwenyewe? Kwamba anakumbuka?"

"Kukumbuka sijui. Alisema ni yeye."

Kwa maili mbili hivi mzee huyu alikuwa mtu mwepesi. Labda Musili kweli aliiacha. Labda uongo wake ulikuwa umeangukia ukweli bila kujua, kama jiwe la kipofu linavyompata ndege. Alitazama sanduku, akawaza kumwambia Abukar ageuze. Akamwacha aendeshe.

Musili walimkuta kivulini nyuma ya nyumba, anasokota kamba ya katani pajani. Alikuwa amekonda lakini amenyooka. Binti yake Mwongeli alileta viti, akaenda kuweka chai. Abukar akaenda sokoni na mbuzi wake.

"Bwana Stesheni," Musili akasema, akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili. "Kumbe tuko hai sisi wote."

"Tuko, tuko."

"Na hiyo ni nini? Unauza redio?"

Bartholomew akaweka sanduku juu ya kreti mbili, akafungua. Musili aliangalia, halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyekuta kiatu chake cha utotoni.

"Kiimani! Aiya, Mwongeli, kuja uone! Hii ofisi. Hii zizi. Hii hapa mama wa uji, alikuwa anatupunja sukari yule." Akaweka injini kwenye reli, akaisukuma kwa kidole, mabehewa ya viberiti yakafuata yakiyumba. "Na mimi niko wapi?"

"Huyo kwa pointi." Ilikuwa njiti ya kiberiti yenye kichwa cha rangi ya kijani.

"Umeninyima tumbo. Vizuri."

"Musili. Inama hapa, weka jicho kwa mlango wa ofisi. Niambie kama unajiona."

Musili akapiga magoti kwa shida, akachungulia. "Naona tangi."

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo siku ile. Mlangoni. Sikukuona. Sikuona pini, sikuona bendera. Niliwadanganya wale watu."

Musili aliporudi kitini aliokota kamba yake, akasokota kiasi cha shibiri moja.

"Mimi nilikumbuka nikiitia ile pini," akasema. "Wiki ya kwanza nilikumbuka vizuri, hata ubaridi wa chuma. Halafu wakanisomea ulichosema. Wewe, mtu wa kofia, mtu hajawahi kudanganya hata dakika moja ya treni! Nikajiambia, basi mkono wangu ndio muongo."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini? Mimi nilishasamehewa." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Nilisimama mbele ya kanisa nikakiri. Watu walilia. Mama Mwongeli alikufa akiniombea hiyo pini. Hata uzee wa kanisa nilipewa kwa sababu ya kukiri. Sasa kama sikukosa, Bwana Stesheni, nilisamehewa nini?"

Njia nzima Bartholomew alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo.

Mwongeli alikuwa amesimama na sinia la chai. Aliacha shule darasa la sita kwa sababu ya lile jina. "Kwa hivyo Baba hakufanya?" akauliza. "Mzee, nakuuliza wewe. Hakufanya?" Akageuka kwa kasi kurudi jikoni na sinia lake, chai ikimwagika.

"Mwongeli," baba yake akaita. "Chai ya mgeni hairudi jikoni. Weka hapa."

Akaweka. Iliyomwagika haikufutwa.

Ndipo Musili akalishika lile kopo la rangi ya viatu kwa vidole vyake vya katani, akalitikisa, akaling'oa, misumari ikalia. Akaisogeza bohari, akalisimamisha tangi nyuma ya zizi.

"Chungulia sasa."

"Musili, halikuwa huko."

"Chungulia. Unaniona?"

Mzee akapiga magoti mbele ya sanduku lake mwenyewe. Hakuna kilichozuia. Njiti ya kijani ilikuwa pale mwisho wa reli, imesimama wazi kabisa.

"Nakuona."

"Nimetia pini?"

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yao. Bartholomew aliangalia ile njiti hadi jicho likatoa maji.

"Hujatia."

"Basi," Musili akasema. "Kunywa chai, isipoe."

Tangi likiwa huko bohari ilikosa mahali patupu, na sanduku halikufunga. Musili akalizungushia kamba aliyokuwa anasokota, likarudi Mwala limeachama.

Musili alikufa Februari iliyofuata, ugonjwa wa figo. Mazishini ilisomwa kwamba alitenda kosa kubwa relini na Mungu akamsamehe. Bartholomew alipata habari wiki moja baadaye, kutoka kwa Abukar. Abukar aliuza pikapu, akahamia Garissa kwa wajomba zake. Mwongeli anauza nyanya Kithyoko. Simu kutoka Mwala hapokei. Maonyesho yalifanyika, kikundi kikapeleka vibuyu na mizinga. Kamanthe alipasuliwa jicho la kushoto, linaona kidogo. Waya wa reli za sanduku alizibia banda la kuku, ubao uko juu ya ghala. Bartholomew yuko hai.