Tenga Lililovikwa Blanketi

"Mama Tsuma, hiyo sufuria ni mgonjwa ama? Mbona mmeifunika blanketi?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Syovata, siku aliyokuja kunirudishia sahani. Ni Mkamba, wamehamia hapa Msambweni miaka mingi, na mila zetu amezishika vizuri: huku ukichukua chombo cha mwenzio hukirudishi kitupu, lazima utie kitu ndani. Sahani yangu ilirudi na mapapai mawili.

Nikamwambia sufuria ni nzima, inapika.

"Inapika na jiko limezimwa?"

"Inapika."

Akalitazama lile tenga lililokuwa na sufuria ndani, akanitazama mimi, kisha akaniuliza taratibu kama nimelala vizuri.

Mambo hayo yaliletwa na wajukuu zangu, Mwanaima wa miaka kumi na nduguye Matano wa minane. Baba yao, mwanangu Tsuma, na mama yao wanafanya kazi hotelini Diani, wao wanakaa nami. Shuleni mwalimu Faith aliwafundisha habari za joto la dunia, kwamba moshi wa makaa na wa magari na wa mitambo hupanda juu ukatufunika kama blanketi, nasi chini yake tunatokota. Kisha akawaambia, mtoto hana kiwanda cha kufunga, lakini taa anaweza kuizima. Angejua ni watoto gani anaowaambia, angesema kwa sauti ya chini.

Tangu siku hiyo taa ya barazani haikuwaka tena mchana. Simu ikijaa, chaja inachomolewa kabla sijasikia mlio. Pasi ikawa mara moja kwa wiki, nguo zote kwa pamoja. Tuk-tuk ya madrasa waliikataa, wakaenda kwa miguu na wakafika kabla ya maalimu. Kwenye friji Matano alisimama kama babake anavyosimama langoni mwa hoteli. "Bibi, umeshajua unachotaka, au unafungua ili ufikiri?" Nilikwenda nikafikiri kwanza, ndipo nikarudi kuomba maji yangu.

Sikuwagombeza. Israfu dini imetukataza, na mimi taa ya choo nilikuwa nikiiacha inawaka mpaka inasahau kazi yake.

Ndipo likaja tenga. Lilikuwa tenga kubwa la kubebea maembe, wakalijaza makumbi ya nazi, na ndani ya makumbi wakalaza blanketi la marehemu mume wangu, kwa idhini yangu. Chakula kinachemshwa kidogo, kinaingia humo kikiwa bado kinatokota, juu kinawekwa ubao na mto, na joto lake lenyewe linakimalizia. Makaa ya siku moja yakatutosha siku tatu. Mwanaima alinieleza akiwa amejishika kiuno. "Dunia ikivikwa blanketi ni balaa, Bibi. Sufuria ikivikwa ni rehema."

Sasa, nina binti yangu kitindamimba, Hanifa, anashona nguo. Alikuwa amependana na Swabir, fundi wa majokofu kutoka Ukunda, kijana wa kuswali, sina neno naye. Lakini Swabir amelelewa na shangazi yake, Bi Ummi, na kwao hakuna barua ya posa inayoandikwa kabla Bi Ummi hajakwenda kuiangalia nyumba. Swabir alitwambia waziwazi: "Shangazi akila kwenu, barua inakuja. Akiondoka hajala, hata mimi sitaweza kumsogeza." Nyumba mbili zilishashindwa kabla yetu.

Akaja Jumamosi.

Hanifa alitaka tuwashe majiko mawili, moshi uonekane mpaka barabarani. Watoto walikataa. Mwanaima alisema pilau ya tenga haijawahi kutuangusha, na Matano akasema yeye hawezi kuuchoma msitu wa watu ili shangazi aolewe.

"Nitaolewa na nani nisipopika?" Hanifa akamwuliza.

"Unapika. Huchomi tu."

Nikakata shauri langu kwa upande wa watoto, Mungu anisamehe kama ilikuwa ni kiburi. Saa nne pilau ilishaingia tengani bila kupaliwa hata kaa moja juu ya mfuniko. Kwa kuwa kuku wa Syovata hawana hodi, tenga tukaliweka sebuleni pembeni, tukatandika kitambaa cha kudarizi, na mto juu. Lilipendeza. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu.

Bi Ummi aliteremka kwenye tuk-tuk saa sita kasorobo. Mwanamke mpana, mweupe wa meno, buibui lake limepigwa pasi likasimama. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia, "Marahaba," huku macho yake yapo kwenye dari. Akaomba maji ya kutawadha. Uani akatawadha, kisha akarudi kwa kupitia jikoni, ambako si njia.

Alipoingia sebuleni uso wake ulikuwa umefunga.

"Jiko lenu limepoa, mwenzangu."

"Limepumzika," nikasema.

"Saa sita hii."

Nikanyoosha mkono kumwonyesha kiti. Akakitazama, akasema viti vya chini havipendani na magoti yake, akazunguka, akaketi juu ya tenga.

Ubao ukalia kidogo, ukanyamaza. Nyuma ya pazia Hanifa akajishika mdomo. Mwanaima akaniangalia mimi, mimi nikaiangalia sakafu. Utamwambiaje mtu mzima, mgeni wa posa, kwamba amekikalia chakula chake?

"Dada," nikaanza, "hapa karibu na dirisha pana upepo."

"Hapa pananitosha." Akajisogeza vizuri. Ukapita muda, tukazungumza habari za mvua. Kisha nikamwona ananyamaza, anasikiliza kitu. "Kiti hiki mmekianika juani?"

"Kwa nini, Bibi?" Matano akauliza, upesi mno.

"Kina vuguvugu. Kimenishika hapa kiunoni, pale pale panaponiuma tangu mwezi wa Rajabu." Akafumba macho. "Endeleeni kuzungumza."

Basi tukakwama. Maumivu ya kiuno yalivyozidi kupoa, ndivyo njaa ilivyozidi kumkasirisha. Mara akanusa. "Nasikia pilau. Jirani zenu wanapika, maashallah. Kuna nyumba zinapika."

"Ndiyo, Bibi," akasema Matano, na Mwanaima akamfinya.

Adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini, nami nikamshukuru Mola kwa sababu mbili. Nikatandika miswala haraka haraka. "Karibu tuswali, dada."

"Nyinyi simameni. Mimi magoti hayakunjiki, nina ruhusa. Kibla wapi?"

Akajigeuza pale pale juu ya mto, akanyanyua mikono. Tuliswali. Nimeswali katika misiba na nimeswali mgonjwa, lakini sijapata kuswali kwa tabu kama siku ile. Kila nikiinama nilikuwa nikimsikia Matano anabana kicheko. Baadaye nilizilipa zile rakaa zote nne.

Alipomaliza kutoa salamu, Bi Ummi akafungua pochi, akatoa simu. "Namwita yule wa tuk-tuk. Ahsanteni kwa maji."

Pazia likatikisika. Nilijua Hanifa analia bila sauti, kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo. Nikafungua mdomo, lakini Mwanaima alishafika mbele yangu. Alipiga magoti mbele ya mgeni, mikono mapajani.

"Bibi, shikamoo tena."

"Marahaba tena. Una nini?"

"Naomba radhi, kosa ni langu na la ndugu yangu. Shangazi Hanifa amekupikia tangu saa nne. Chakula kipo tayari. Ila umekikalia."

Bi Ummi alikaa na simu sikioni, mtu wa tuk-tuk anasema haloo, haloo. Akaikata. Akainuka polepole, akageuka, akauangalia ule mto kama anayetazama kitu kilichomjibu.

Matano akaondoa mto, ubao, akalifunua blanketi. Mvuke ulipanda mpaka miwani yangu ikaona ukungu. Harufu ikajaa nyumba nzima, na nje ya dirisha nikamsikia Syovata anasema, "Woi, kumbe mgonjwa amepona."

Hanifa akatoka na sinia, macho mekundu. Bi Ummi akaketi mkekani, magoti yakakunjika yenyewe, akanawa, akasema bismillahi.

Alikula. Alirudia. Mara ya tatu alimsogezea Hanifa sahani bila kumwangalia. Katikati akamwuliza Mwanaima habari za tenga, na Mwanaima akamweleza yote, moshi, dunia, blanketi, taa ya choo cha bibi, ingawa hiyo sikumtuma.

"Na makaa yanabaki?"

"Gunia la mwezi uliopita bado halijafika nusu."

"Mimi naona imeiva zaidi leo," akasema Matano. "Imekaliwa vizuri."

Hanifa alifumba macho. Bi Ummi akaacha kutafuna. Tumbo lake likaanza kutikisika, halafu mabega, halafu ushungi, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono usio na wali. Kicheko chenyewe hakikutoka hata kidogo. Sisi ndio tuliotoa chetu na chake.

Baada ya kunawa akauliza, "Blanketi hili la nani?"

"La marehemu baba yake Hanifa," nikasema.

Akalitoa kwa mikono miwili, akalikunja mara nne, akaniwekea mapajani. Kisha akavua leso mpya aliyojitanda chini ya buibui, akaitandika ndani ya tenga juu ya makumbi, akarudisha ubao, akarudisha mto wangu. Tuk-tuk ilikuwa ishafika, hata hatukumwona aliyeiita. Akalibeba tenga kiunoni, upande ule ule uliokuwa ukimuuma.

Mwanaima akanivuta nguo. Alidhani ananong'ona.

"Bibi, tenga ni letu, na chombo hakirudi kitupu. Sasa atalirudisha na nini ndani?"

Bi Ummi akasimama kizingitini. Akamtazama Hanifa kutoka ushungi mpaka vidole vya miguu, akarudi juu tena taratibu, akalipakata tenga vizuri zaidi, akatoka.