Bobal Haiongewi Mdomo Ukiwa Wazi

Katapila lilikuwa linanguruma nje ya ghala tangu asubuhi, na Leandro alikuwa anacheka kama kichaa. Akiwa na hofu huwa anacheka, ndivyo alivyoumbwa. Mjomba wake, Eutimio, alikuwa ameamua kung'oa mizabibu yote ya bobal, zabibu nyeusi za kienyeji, aliyoacha marehemu babu, apande ya kisasa. Leandro ndiye aliyekuwa anaitunza na kukamua mvinyo wake. Ikienda hiyo, hana lake tena hapa mjini Requena.

"Bobal ni rangi tu," mjomba alisema, mdomo umejaa soseji. "Watu wananunua wakolezee mvinyo wao uliopauka. Nani anakunywa rangi?"

"Ya kwangu umeshaonja?"

"Sijagusa bobal miaka yote hii, nianze leo?"

"Unaogopa, mjomba."

Mke wa mjomba, Rufina, akadakia kutoka jikoni: "Anaogopa kuchafua shati! Nimempigia pasi sasa hivi."

Leandro akapata wazo. Akajaza mvinyo wake wa bobal kwenye porroni, ile chupa ya kioo yenye mdomo mrefu kama wa birika. Unainua juu, mkono unanyooka, mvinyo unakurukia kooni bila chupa kugusa midomo.

"Tushindane. Atakayejimwagia kwanza kashindwa. Nikishindwa, namwonyesha mwenyewe yule wa katapila pa kuanzia. Ukishindwa, mizabibu inabaki."

"Mtoto, mimi nimeanza porroni mama yako hajaota meno. Anza!"

Leandro akaanza. Rufina akaja na mwiko mkononi. "Mwone, kama kifaranga anasubiri funza!" Leandro nusura apaliwe kwa kicheko, lakini hata tone halikudondoka.

Zamu ya mjomba. Mkono juu kabisa, mchirizi mwekundu, mwembamba, ulionyooka. Mzee fundi. Funda la kwanza, la pili, la tatu. Akafumba macho. Leandro akaanza tena kucheka kama kichaa: huyu hamwagi! Na mbona haachi?

"Eutimio, inatosha!" Rufina alisema. "Au rangi imekunogea?"

Sasa, porroni ikiwa juu huongei. Hata watoto wa Requena wanajua. Mjomba akasahau.

"Tam—"

Pwaa! Kidevuni, shingoni, kifuani, mpaka kwenye mkanda. Shati jeupe likawa kama la mchinja ng'ombe.

"Amesema tamu!" Leandro akaruka juu.

"Sijasema. Nimekohoa."

"Umekohoa tamu?" Rufina aliuliza, kisha akaegemea ukuta, anacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Ginés, dereva wa katapila, akachungulia mlangoni. "Jamani, naanzia wapi?"

Mjomba akatazama shati. Akatazama porroni, bado ina nusu. Shavu moja likaanza kumcheza, halafu la pili, halafu mzee mzima akaangua kicheko, povu jekundu linamtoka puani.

"Zima hilo dude lako, Ginés, uje uonje kitu. Na wewe Leandro, acha kurukaruka kama mbuzi, jaza! Nilikuwa sijamaliza kusema."