Vigingi Vinne vya Uani

Mshona nguo hakuwa mtu wa kukadiria. Hata ua wa nyumba waliyohamia aliupima kwa tepu yake ya kazini, ukuta hadi ukuta, akauchora kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Mbele, njia ya changarawe mpaka getini. Ubavuni, kamba ya kuanikia nguo. Nyuma, panapopata jua la asubuhi, bembea ya mtoto na kibanda cha kushonea, cherehani nayo iondoke sebuleni. Ilikuwa ramani safi. Tatizo ni kwamba mama mkwe naye alikuwa na yake, kichwani, na ya kwake yote ilikuwa matuta ya mboga.

Walibishana kwa adabu, kisha wakanuniana kwa dhati. Hii ilikuwa wiki ya pili hawasemeshani. Maneno yote yalipitia kwa mtoto, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na nusu na hajui kutamka hata "maji" vizuri.

"Mwambie bibi chai tayari."

"Mwambie mama yako nimeshakunywa."

Mtoto akicheka, basi ujumbe umefika.

Mume, dereva wa lori, hakutaka kesi. Siku ya safari aliamka alfajiri mkewe akiwa bado amelala, akapiga vigingi vinne kule nyuma, akavizungushia kamba, akaenda zake. Mshona nguo alipotoka na beseni la nguo alivikuta vimesimama upande ule ule alikopanga bembea na kibanda.

"Mwambie mama yako," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, mtoto mkononi, "pale ndani ya kamba asipakanyage."

Asipakanyage! Damu ilimchemka. Kumbe mama na mwanawe wamekaa wakagawana ua, na yeye anapelekewa amri kama mpangaji. Alianika nguo moja moja akizikung'uta kwa hasira, na kabla beseni halijaisha alikuwa ameshajua la kufanya.

Kila alasiri, mama mkwe akijinyoosha kitandani, yeye alitoka na nyundo. Siku ya kwanza alivisogeza vigingi hatua moja kuelekea ukuta wa nyuma, akafukia matundu, akafagia juu. Siku ya pili hatua nyingine, na kidogo kushoto, vikae sambamba na ukuta. Siku ya tatu hivyo hivyo, mpaka ya tano. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupima kitu. Alitaka tu visogee bila mtu kushtuka, na hakuna aliyeshtuka, maana macho ya mama mkwe yalikuwa yameanza kufifia. Kwake yeye, kamba kama ipo, ipo. Kisha mvua kubwa ikanyesha, ikasawazisha udongo wote, na mshona nguo akaona hata mbingu ziko upande wake.

Siku ya sita mume alipiga simu mchana.

"Kesho linakuja lori la kifusi. Waonyeshe vigingi, wajaze hapo."

"Wajaze nini?"

"Si lile shimo la choo cha zamani! Aliyetuuzia nyumba alilifunika mbao, akamwaga udongo juu. Mbao zenyewe zimeoza, na shimo ni refu, watu wawili wakipandana hawafiki juu. Nilimwambia mama akueleze. Hakukwambia?"

Mshona nguo aligeukia mlango wa nyuma.

"Aliniambia," akasema, na simu ikiwa bado sikioni akakimbilia nyuma.

Mama mkwe alikuwa huko, mtoto mgongoni, akifuata nguo iliyopeperushwa na upepo. Alitembea kwa uangalifu mkubwa. Aliinyooshea kamba mkono, akahakikisha ilipo, akarudi nyuma hatua kadhaa ili aikwepe kwa mbali.

"Mama! Simama! Usiinue mguu!"

Mama mkwe alisimama, akageuza kichwa, amepigwa na butwaa.

"Kuna nini? Mbona mimi niko nje ya kamba?"

"Kamba niliisogeza, mama." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Nilidhani ni matuta yako. Nisamehe."

Mama mkwe hakufoka. Bora angefoka. Alipeleka mikono nyuma, akamshika mtoto kwa nguvu.

"Ilikuwa wapi?"

Mshona nguo aliutazama ua. Alitafuta tundu moja tu, alama moja, na hakuona kitu. Alikuwa ameufagia vizuri mno.

"Sijui."

Simuni mume alikuwa anaita, "Halo? Halo?"

"Haya, mwanangu," mama mkwe alisema polepole, kwa sauti ya chini ili mtoto asiogope. "Wewe ndiye uliyeupima ua huu. Niambie nipite wapi."

Mshona nguo aliona udongo ukididimia chini ya kisigino cha mama mkwe, kidogo tu, bila sauti.